Siku Kondukteri Aliposhika Jembe

Naapa mbele ya Mungu, na mbele ya marehemu mama yangu aliyenikataza kuapa: haya ninayoandika ni kweli tupu, toka neno la kwanza mpaka la mwisho. Hapa Masisi watu wanasema Papa Honoré ni mwongo. Wananionea. Mimi ninaongeza chumvi tu, na chumvi si uongo, muulize mpishi yeyote. Lakini leo hata chumvi sikuweka.

Mwaka ulikuwa 1968. Vita vilikuwa vimepita, na barabara ya kutoka Masisi kushuka Nyabiondo mpaka kwenye pori la Walikale ilikuwa imebaki kama utumbo wa mbuzi uliotupwa chini. Kampani moja ilikuwa na kazi ya kuitunza tangu wakati wa wazungu. Jina lake naliacha, kwa sababu kampani hiyo ilikufa, na wafu hatuwasemi. Mimi nilikuwa planto wake, njo kusema mtu wa kubeba barua za ofisi. Ofisi ilikuwa Masisi, juu kwenye baridi. Makantonye, wale watu wa kufyeka kando ya barabara na kuchimba mifereji, walikuwa chini kwenye kambi yao porini, mwendo wa siku mbili kwa miguu kama wewe ni mtu wa kawaida. Mimi nilitumia siku moja na nusu, na hiyo nusu nilikuwa natembea huku nimelala.

Mkubwa wa ofisi aliitwa Floribert. Sisi tulimwita Kondukteri. Alikuwa ameshika jembe mwenyewe zamani, akiwa kantonye huku milimani, kisha akapanda, akapanda tena, mpaka akafika kwenye kiti chenye mgongo. Tangu akae pale hakushuka kambini hata mara moja. Aliandika. Na kapita, ndiye msimamizi wa kambi, Kanyamibwa, mtu mpole anayeongea kama anaomba radhi, naye hakupanda ofisini. Alijibu.

Kondukteri anaandika: kwa nini mifereji haijaisha? Kapita anajibu: ni kwa sababu ya mvua. Kondukteri anaandika: hata mwaka jana mvua ilinyesha. Kapita anajibu: ni kweli, ilinyesha. Miaka miwili waligombana hivyo bila kujuana sauti, na mimi katikati yao, matope mpaka magotini. Shule sikusoma. Kusoma nilijifunza ndani ya barua zile, kwa sababu unyevu wa pori ulikuwa unafungua bahasha wenyewe, mimi nilichungulia tu. Neno la kwanza nililolisoma bila kusaidiwa ni "uvivu." Lilikuwa linarudi katika kila barua, hata mbuzi angelijua.

Sasa sikiliza habari ya uchovu, kwa sababu hadithi hii ni ya uchovu.

Kila kantonye alikuwa na kipande chake, ndiyo sehemu ya kazi ya siku. Asubuhi kapita anapima kwa fimbo ya mwanzi: fimbo ishirini kufuata barabara, fimbo mbili kuingia porini. Ukimaliza kipande uko huru. Unaenda shambani kwako, ao kwenye mitego yako, ao unalala. Wakati wa wazungu, na hata miaka ya kwanza ya Uhuru, saa saba za mchana kila mtu alikuwa amemaliza, unasikia watu wanaimba mtoni. Lakini mwaka ule nilikuwa nafika kambini saa kumi na moja na bado wameinama. Wanaume wazima, wenye mabega, wanainua jembe kama wanainua jeneza. Hakuna aliyeimba. Walikuwa wananiangalia kwa macho yale ya ng'ombe aliyepanda mlima.

"Honoré, umetuletea nguvu ndani ya ile mufuko?" mmoja aliniuliza.

"Nimeleta karatasi."

"Karatasi iko nyingi. Choo yetu imeshiba."

Wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu hata kucheka kunakula nguvu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni mihogo, tangu Uhuru mihogo haishikilie tumboni. Mwingine, mtu wa Walikale, alisema ni pori lenyewe, limekasirika kwa sababu barabara ilipita juu ya mahali pa wazee bila kuku kuchinjwa. Wa tatu alisema kuna mtu anawanyonya nguvu usiku, na akanitazama mimi, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa nimenenepa.

Papa Athanase hakulaumu mtu. Huyu alikuwa Muhunde wa huku milimani, mwenye mikono mikubwa kama makasia. Alisema: "Mimi najua sababu. Ni uzee. Muntu anazeeka bila kuambiwa."

"Uko na miaka ngapi, kaka?" nikamuuliza.

"Makumi tatu na sita."

Sheria ilikuwa hivi: ukibakisha kipande mara tatu ndani ya mwezi mmoja, unafukuzwa, na nyumba ya kambi unaiacha siku ile ile. Athanase alikuwa tayari amebakisha mara mbili. Na yeye, akitoka kambini, hana pa kwenda. Shamba la baba yake walilikimbia wakati wa vita, na waliolikuta tupu wamelipanda maharagi yao. Alikuwa na mke na watoto wanne ndani ya ile nyumba ya udongo. Kwa hiyo alikuwa anaanza kazi kabla ya jogoo, na alikuwa anachelewa kuliko wote. Ukiamka umechoka, jembe linajua.

Wiki mbili baadaye, Athanase akiwa amebakisha mara ya tatu, Kondukteri aliniita ofisini. Alikuwa anafunga bahasha.

"Peleka hii. Iko ya mutu mumoja anaitwa Athanase."

Mutu mumoja anaitwa. Mimi nilitoka na bahasha, na kabla sijafika Nyabiondo unyevu ulikuwa umefanya kazi yake. Barua ilikuwa na mistari minne. Mstari wa tatu ulisema kazi imekwisha. Wa nne ulisema nyumba.

Hapa njo ninaomba msomaji aniamini. Nilipofika kwenye daraja la miti, saa sita za mchana, jua limesimama, nilikuta chui amelala katikati. Si chui wa kukimbia, chui mzima, mkia wake unaning'inia majini kama kamba ya kuvulia. Nikamwambia: "Mukubwa, nipishe, niko na barua." Hakutikisika. Nikawaza, labda anataka kujua ni barua gani. Nikamsomea. Mistari yote minne. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kitako, akanitazama mimi, akatazama ile karatasi, kisha akainuka na kuingia porini bila kugeuka nyuma, kama mtu aliyeona aibu kwa niaba ya mwenzake.

Nikasema moyoni: kama chui ameona aibu, mimi ni nani? Nikageuza. Ile barua haikufika kambini. Nilipanda tena milima ile yote, miguu imevimba, nikafika ofisini siku ya pili, nikasimama mlangoni kwa Kondukteri nikiwa na matope yangu.

"Umerudi na jibu?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Hapana, Patron. Nimerudi na barua."

Akainua kichwa.

Nikamwambia hivi, na maneno haya watu wa Masisi wanayajua mpaka leo: "Patron, karatasi inashuka, karatasi inapanda, lakini hakuna karatasi iliyoshika jembe. Huyu muntu unayemufukuza haumujui sura. Shuka. Chimba kipande kimoja tu mbele yake. Ukikimaliza, mufukuze, hatutalia. Ukishindwa, kaa chini tuongee."

Nilisikia kalamu ikibingirika mezani na kuanguka. Kisha akatafuta viatu vyake vya mvua chini ya meza, vilikuwa na buibui ndani, akavikung'uta, akavivaa.

Tulishuka. Mara mbili aliteleza, mara mbili alikataa mkono.

Tulifika asubuhi, kapita akiwa ndiyo kwanza amemaliza kupima vipande. Makantonye walimwona mtu mwenye kalamu tatu mfukoni, wakajipanga mstari bila kuambiwa. Kanyamibwa alivua kofia. Nadhani Kondukteri alikuwa ametayarisha hotuba, nilimwona midomo yake ikitembea njia nzima, lakini alipowaona wale watu, jinsi walivyosimama wakiegemea majembe, hotuba ilikufa.

"Mimi njo Floribert," akasema.

Mmoja akasema polepole: "Sisi tulizani uko karatasi."

Hakuna aliyecheka. Kondukteri naye hakukasirika. Aliuliza: "Athanase ni nani?"

Athanase akatoka mbele. Wakatazamana, na mimi niliona kwamba walikuwa karibu umri mmoja, isipokuwa mmoja alikuwa ameliwa zaidi.

"Nipe jembe," Kondukteri akasema. "Mupime kipande changu kando ya chake."

Wakampimia. Fimbo ishirini, fimbo mbili. Akavua koti, akalitundika kwenye mti, akaanza. Na alikuwa anajua, mimi nasema ukweli, mtu aliyelima akiwa kijana mgongo wake hausahau. Saa ya kwanza alikuwa sawa na Athanase. Saa ya pili alianza kuhema. Wengine walikuwa wanafanya kazi zao huku wanaangalia kwa pembe ya jicho. Hawakumdhihaki. Kuona mkubwa akiinama mahali unapoinama wewe, ni kitu cha ajabu, kinakufanya unyooshe mgongo kidogo. Mtu mmoja alimletea maji bila kuombwa. Mwingine alimwonyesha jinsi ya kukata mizizi ya pori la kule, ambayo haikatiki kama ya mlimani.

Saa saba zilifika, saa ile ya zamani ya kumaliza. Kondukteri alikuwa amefika nusu na kidogo. Viganja vyake vilikuwa vimetoa malengelenge na mengine yamepasuka. Akakaa chini palepale kwenye mfereji, ndani ya matope.

Hapo njo watu walianza kusema. Mtu akikaa kwenye matope yako, unaweza kumwambia neno. Walisema juu ya mipini ya majembe iliyovunjika. Walisema juu ya chumvi ambayo haifiki. Yule wa Walikale alisema juu ya kuku wa wazee, na Kondukteri akamuuliza mahali hapo ni wapi hasa, akaonyeshwa kwa kidole, akaitika kwa kichwa. Hakuandika kitu. Kalamu zote tatu zilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa kwenye mti.

Athanase alisema mwisho.

"Patron, mimi siko muvivu. Nimezeeka tu. Nipatie kipande cha muzee, hata kidogo, lakini usinitoe mu nyumba."

Kondukteri alikuwa anatazama ile fimbo ya mwanzi iliyochomekwa ardhini mwisho wa kipande chake. Aliitazama kama mtu anayemwona ndugu ambaye sura yake imebadilika. Akainuka, akaisimamisha kando yake, akanyoosha mkono juu kabisa.

"Kapita," akasema, "wakati mimi niko kantonye, hii fimbo ilikuwa inafika hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake ulionyooshwa. "Leo hata ncha ya kidole haifiki juu. Ni mimi njo nimefupika?"

Kanyamibwa alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mwanzi haudumu huku," akasema. "Wadudu wanautoboa. Kila musimu wa mvua lazima tukate fimbo mupya."

"Munaikata kwa kipimo gani?"

"Kwa ile ya zamani. Tunazilaza pamoja." Akaizungusha kofia. "Ila mimi naongeza kidole kimoja. Upana wa kidole tu. Niliogopa fimbo ikitoka fupi, ofisi itasema kapita anaiba kazi ya kampani. Na kapita aliyekuwa mbele yangu alinifundisha hivyo. Na yeye alifundishwa hivyo."

Watu wakaanza kuhesabu. Misimu miwili ya mvua kila mwaka, miaka minane tangu Uhuru. Vidole kumi na sita, njo shubiri moja na nusu. Mara ishirini kufuata barabara, na tena kuingia porini. Walikuwa wamechimba barabara ambayo haimo kwenye karatasi yoyote, wakilaumu mihogo, na pori, na damu yao wenyewe. Na hakuna aliyewaibia. Ni hofu tu, kidole kwa kidole.

Kondukteri alimpa Kanyamibwa panga. Hakumpigia kelele, na kama angepiga kelele nadhani ingekuwa rahisi zaidi kwa yule maskini. Akanyoosha mkono tena, kapita akakata fimbo pale kwenye kifundo. Kile kipande kidogo kilianguka. Watu wakakiokota, wakakipitisha mkono kwa mkono, kila mtu anakipima, anakigeuza. Kilipofika kwa Athanase alikishika muda mrefu.

"Kumbe uzee wangu njo huu," akasema.

Siku ile hakuna aliyefurahi, nisikudanganye. Walikuwa wamechoka mno. Walikaa tu, mkubwa na wadogo, wakala mihogo baridi kwenye jani moja. Lakini kesho yake saa saba watu walikuwa mtoni, na Athanase alibaki kwenye nyumba yake, na toka mwezi ule Kondukteri alishuka kila mwisho wa mwezi, kwa miguu yake. Barua zilipungua. Na hayo yote ni kwa sababu ya Honoré, planto, aliyekataa kupeleka barua.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Daftari hili nilikwenda kulisoma Jumapili, baada ya misa, mbele ya watu, kwa Godelieve. Godelieve ni binti wa Athanase, leo ni mama mwenye wajukuu. Alikuwa anachambua maharagi kwenye lungo. Watu walipenda sana, hasa chui. Mimi nilikuwa nimeanza kukunja miwani.

"Papa Honoré," Godelieve akasema, bila kuacha maharagi. "Soma tena pale kwa mulango."

Nikasoma tena. Karatasi inashuka, karatasi inapanda.

"Ile sauti ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ilikuwa ya mama yangu. Mimi nilikuwa mu mugongo yake, sina hata miezi mitatu. Amenielezea mara mia." Akatupa jiwe dogo nje ya lungo. "Na ile barua, Papa. Ilifika ao haikufika?"

Watu wote wakanigeukia. Ningeweza kumleta chui wa pili. Nilikuwa naye tayari, jike. Lakini Godelieve alikuwa ananiangalia kwa macho ya baba yake, yale makubwa yasiyolaumu.

Ilifika. Niliipeleka mwenyewe. Athanase hakujua kusoma, kwa hiyo niliifungua, nikasimama mbele ya nyumba yake, nikaisoma kwa sauti, mstari wa tatu, mstari wa nne. Kisha nikakaa, nikala bugali wa mke wake, kwa sababu nilikuwa na njaa na miguu ilikuwa inaniuma, na nilitaka tu kuutua ule mzigo kwa mtu mwingine. Athanase hakula. Mkewe, Mama Emérita, alikusanya sahani, akafunga mtoto mgongoni, akachukua barua mkononi mwangu, akauliza: "Njia ya ofisi ni ipi?" Nilimfuata siku mbili. Alitembea mbele, mimi nyuma, na hakuniomba msaada wowote. Masisi aliingia mlangoni peke yake. Mimi nilibaki nje, chini ya paa, nikisikia. Nilisikia vizuri, hilo halina ubishi.

"Basi," Godelieve akasema. "Mutu akishikwa na uongo, analipa. Debe moja ya kasiksi. Na unaipeleka mwenyewe kwa mama, juu."

"Juu kule? Na mugongo huu?"

"Yeye alipanda na mimi mu mugongo."

Nikalipa. Nilinunua kasiksi, ile pombe ya ndizi, debe zima, nikalibeba kwenye kilima chake, nikipumzika kila kwenye jiwe. Nilimkuta amekaa mlangoni na blanketi magotini. Nikatua debe, nikaketi chini mbele yake, nikamsomea yote, safari hii na jina lake ndani, mahali pake. Nilipofika kwenye bugali nilisoma haraka, akaniambia nirudie polepole.

Nilipomaliza alichovya kikombe, akanywa, akatazama chini kuelekea porini.

"Hii ni ya Athanase," akasema, "kwa barua uliyomusomea mbele ya watoto wake. Yangu iko wapi?"

"Mama Emérita, nilizani debe moja—"

"Maneno yangu umeyatumia miaka mingapi, Honoré?"

Nikainuka, nikashika goti, nikaanza kushuka tena kutafuta debe la pili.